Masanduku 39 na kuta zisizofungika: nani waliokoa sanaa ya kale ya Georgia?

Swali la msomaji kutoka Dodoma: "Mtaalamu, niliangalia filamu fupi kuhusu makanisa ya mawe ya Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi. Msimulizi alisema sanaa yote ya zama za kati ya nchi hiyo iliokolewa na mzee mmoja, aliyekaa nayo uhamishoni Ufaransa na kukubali kulala njaa kuliko kuuza hata kikombe kimoja. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, yale makanisa yenyewe na michoro ya ukutani, vitu ambavyo haviingii kwenye sanduku, viliokolewa na nani?"

Ndugu yangu, hadithi hiyo ni ya kweli, isipokuwa neno moja tu: "yote". Nusu ya pili ya swali lako ndiyo nzito zaidi, na huulizwa mara chache mno. Lakini nianze na masanduku, maana mzee huyo anastahili kusimuliwa sawasawa.

Jina lake ni Ekvtime Takaishvili. Alizaliwa mwaka 1863 katika kijiji cha Likhauri, mkoa wa Guria, magharibi mwa Georgia, akasoma St Petersburg, akarudi Tbilisi, mji mkuu, kufundisha. Mwaka 1907 alianzisha Chama cha Historia na Etnografia cha Georgia, akawa anakusanya hati za kale, maandishi ya mawe na vyombo vya makanisa kwa bidii isiyo ya kawaida. Georgia ilipojitangazia uhuru mwaka 1918, akaingia katika Bunge la Katiba na kuwa mmoja wa manaibu spika wake.

Februari 1921 Jeshi Jekundu la Wabolsheviki wa Urusi liliingia Tbilisi. Serikali ikakimbilia Kutaisi, kisha bandari ya Batumi, na pamoja nayo yakaondoka masanduku 39: misalaba na ikoni (picha takatifu za kanisa) za dhahabu na fedha, hati, vito, vitu vya makumbusho, vya makanisa na vya majumba ya watawala wa zamani. Takaishvili alikabidhiwa ulinzi wake kwa sababu hakuna mtu aliyeijua mali ile kumzidi. Yakafika Marseille kwa meli, yakawekwa benki.

Hapo ndipo miaka 24 ya taabu ilipoanza. Serikali ya uhamishoni haikuwa na fedha. Mzee alihamia Leuville-sur-Orge, nje ya Paris, walikokusanyika wakimbizi wa Georgia. Mkewe Nino alifariki mwaka 1931. Familia ya watawala wa zamani wa Samegrelo, eneo la magharibi mwa Georgia, ilikwenda mahakamani kudai sehemu ya hazina, akasimama kuipinga, na madai yakashindwa. Baadaye masanduku yaliingia chini ya dola ya Ufaransa, naye akaendelea kuyafuatilia kama mali ya taifa ambalo halikuwa tena na ubalozi wala bendera yake. Mwaka 1945, baada ya makubaliano kati ya serikali ya de Gaulle na Moscow, yalirudishwa kwa ndege, na yeye akasafiri nayo akiwa na umri unaozidi miaka 80.

Mapokezi yalikuwa ya heshima, kisha upepo ukageuka. Binti yake wa kulea alikamatwa, naye mwenyewe akafa Februari 1953 akiwa amesahauliwa na wenye madaraka. Mwaka 2002 Kanisa la Georgia lilimtangaza kuwa mtakatifu. Nchini kwao leo hata mtoto wa shule anamjua.

Sasa niseme ninaloliamini, ingawa Wageorgia wengi wataniambia ninapunguza ukubwa wa simulizi lao wanalolipenda: kazi kubwa zaidi ya Takaishvili aliimaliza kabla hajapanda ile meli. Aliifanya kwa kamba ya kupimia, kalamu na kamera, katika safari zake za 1902, 1907 na 1917 kwenda nchi inayoitwa Tao-Klarjeti.

Tao-Klarjeti leo iko kaskazini-mashariki mwa Uturuki, katika mikoa ya Artvin, Erzurum na Ardahan. Katika karne ya 9 na ya 10 huko ndiko ulikokuwa moyo wa ufalme wa ukoo wa Bagrationi, wakati Tbilisi ilikuwa chini ya maamiri Waislamu. Watawa walijenga monasteri kwenye mabonde membamba, na watawala wakajenga makanisa ambayo hadi leo yanamfanya mtaalamu anyamaze kwanza kabla ya kuanza kuandika. Kubwa kuliko yote ni Oshki, lililojengwa kati ya 963 na 973 na wana wawili wa kifalme, David na Bagrat. Wote wawili wamechongwa kwenye ukuta wa kusini. Na kuna maandishi yaliyoachwa na Grigol, aliyesimamia ujenzi, yanayoorodhesha gharama: fedha za mwaka, mvinyo na ngano kwa wafanyakazi, chuma, idadi ya mafundi, ng'ombe wa kukokota mawe. Ni makanisa machache sana ya karne ya 10, popote duniani, ambayo hesabu ya ujenzi wake imebaki ukutani.

Sehemu ya eneo hilo ilitwaliwa na Urusi mwaka 1878, na hiyo ndiyo sababu wasomi waliweza kuifikia. Msomi Nikolai Marr aliipita mwaka 1904. Alikuwa amekwisha kuipata Jerusalem hati ya maisha ya Grigol wa Khandzta, mtawa aliyeanzisha monasteri nyingi za huko, na mwaka 1911 akaichapisha pamoja na shajara ya safari yake. Kisha ikaja safari ya 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, himaya ya Urusi ikiporomoka nyuma yao. Takaishvili aliondoka na kundi la vijana: wachoraji Dimitri Shevardnadze, Lado Gudiashvili na Mikheil Chiaureli, mshairi Ilia Zdanevich, na Kalgin aliyepima majengo. Walikwenda Oshki, Khakhuli, Ishkhani, Parkhali na Otkhta Eklesia. Wakapima, wakapiga picha, wakanakili michoro ya ukutani kwa rangi, wakasoma maandishi herufi kwa herufi.

Mwaka uliofuata jeshi la Urusi halikuwapo tena, na muda mfupi baadaye mpaka ukafungwa. Katika enzi ya Kisovieti karibu yote, msomi wa Tbilisi hakuweza kuvuka kwenda Oshki, ingawa si mbali hata kidogo. Kizazi kizima cha wataalamu wa usanifu wa Georgia kiliandika kuhusu makanisa yale bila kuyatia machoni, kikitegemea vipimo na picha za 1917. Wakati huohuo majengo yalizidi kudhoofika. Kanisa la Tbeti, lililokuwa bado limesimama Marr alipolipiga picha, sehemu yake kubwa iliangushwa mwaka 1961. Ukitaka kujua lilikuwaje leo, unarudi kwenye karatasi za wasafiri wale.

Aliyeifufua kazi hiyo uwanjani alikuwa Wachtang Djobadze, Mgeorgia aliyeishia Marekani baada ya Vita vya Pili. Kwa kuwa hakuwa chini ya Moscow, aliweza kufika Uturuki mara kwa mara, na mwaka 1992 akatoa kitabu kikubwa kuhusu monasteri za Tao, Klarjeti na Shavsheti. Hakujulikana sana nje ya fani yetu, lakini bila yeye pengo la katikati ya karne ya 20 lingekuwa kubwa mno.

Umeuliza pia kuhusu michoro ya ukutani. Adui wake wa kwanza alikuwa ndoo ya chokaa. Mwaka 1811 utawala wa Urusi ulilinyima Kanisa la Georgia uhuru wake, na katika karne hiyo ya 19 kuta nyingi zilizojaa watakatifu zilipakwa chokaa nyeupe ili zionekane safi. Svetitskhoveli, kanisa kuu la Mtskheta lililojengwa upya na fundi Arsukisdze kati ya 1010 na 1029, lilipoteza michoro yake mingi kwa njia hiyo. Ajabu ni kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuitetea michoro ya Georgia alitoka katika utawala huohuo: Grigory Gagarin, mtoto wa ukoo wa kikabaila wa Urusi na mchoraji, aliyeitambua sura ya Malkia Tamar kwenye ukuta wa kanisa la Betania katika miaka ya 1850 na kuinakili. Kabla yake kidogo, mwaka 1847 na 1848, Mfaransa Marie-Félicité Brosset alikuwa amezunguka nchi nzima akinakili maandishi ya makanisa. Hakuwa mwanasanaa, lakini tarehe nyingi tunazozitaja leo zinaanzia kwenye daftari za watu wa aina yake.

Karne ya 20 ilileta utaratibu. Tinatin Virsaladze na wenzake walijenga elimu ya kusoma na kuhifadhi michoro ya ukutani kama taaluma kamili. Nikueleze kazi hiyo ilivyo kwa mikono, kwa sababu watu hudhani mhifadhi ni mtu anayepaka rangi upya. Mhifadhi anaanza kwa kugonga ukuta taratibu kwa ncha ya kidole na kusikiliza. Lipu iliyoshikamana na jiwe hutoa sauti nzito. Iliyobanduka hulia kama ngoma. Anaweka alama kila palipo wazi ndani, kisha anaingiza ute wa chokaa kwa sindano, kidogokidogo, huku akishikilia uso wa mchoro usidondoke. Saruji hairuhusiwi kabisa, maana inafungia unyevu na kuleta chumvi zinazosukuma rangi kutoka ndani. Palipopotea hapachorwi uso mpya. Panaachwa rangi tulivu ili jicho lipite bila kudanganywa. Na kabla ya yote hayo mchoro unanakiliwa kwa ukubwa wake halisi. Nakala za aina hiyo zilifanywa nyingi, na nyingine leo zina rangi ambazo ukuta wenyewe hauna tena.

Kaskazini, kwenye milima mirefu ya Svaneti, walifanya kazi wanawake watatu ninaowaheshimu sana: Natela Aladashvili, Gaiane Alibegashvili na Aneli Volskaya. Wao ndio waliotuonyesha kwa ukamilifu shule ya uchoraji ya Svaneti, na ndani yake mtu mmoja mwenye jina: Tevdore, aliyejiita mchoraji wa mfalme. Alifanya kazi wakati wa mfalme David Mjenzi na mwanawe Demetre. Kanisa la Iprari alilichora mwaka 1096, Lagurka mwanzoni mwa miaka ya 1110, na Nakipari mwaka 1130. Yote ni makanisa madogo, baadhi hayawezi kubeba watu zaidi ya ukoo mmoja, yapo mahali ambapo theluji hufunga njia kwa miezi. Ndani yake wamesimama malaika wakuu na askari watakatifu wenye macho makubwa na mistari mikali, wakubwa kupita kiasi kwa vyumba vile. Ina maana wafalme walipeleka mchoraji wao bora hadi ukingoni mwa nchi, mara tatu katika miaka zaidi ya thelathini. Hilo ni jambo la kisiasa, na tusingelijua kama wanawake hao wasingelinganisha mikono, mikunjo ya nguo na maandishi kutoka kanisa moja hadi jingine.

Lakini huko Svaneti walinzi halisi hawakuwa na shahada. Funguo za makanisa zilikaa mikononi mwa wanakijiji, zikirithiwa ndani ya familia, na mgeni aliyetaka kuona ikoni alipaswa kukubalika na wazee. Wasomi wengi walilalamika kwamba watu wa Svaneti ni wagumu. Mimi nasema ugumu ule ulilinda misalaba ya fedha na ikoni za karne ya 11 kuliko kufuli la jumba lolote. Linganisha na Gelati, monasteri mashuhuri iliyoanzishwa mwaka 1106, iliyokuwa karibu na mji na maofisa: ikoni yake ya Khakhuli, iliyowekewa fremu yake kubwa karne ya 12 na kupambwa kwa vipande zaidi ya 100 vya enameli (rangi ya kioo iliyochomwa juu ya chuma), ilivunjwa na wezi katika karne ya 19 na sehemu zake zikaishia kwa wakusanyaji nchini Urusi. Uso na mikono ya Bikira ilirudi Georgia mwaka 1923. Shalva Amiranashvili, aliyeongoza Makumbusho ya Sanaa ya Tbilisi kwa miongo mingi, alitumia maisha yake kukusanya, kusafisha na kuorodhesha vitu kama hivyo, na makumbusho hayo yana jina lake.

Sasa kuna mtu ambaye hadithi za masanduku humfunika, ingawa bila yeye pasingekuwa na fani yenyewe: Giorgi Chubinashvili. Alizaliwa mwaka 1885, akasoma Ujerumani, akarudi na njia ya Kijerumani ya kulitazama jengo kwanza kama umbo, kabla ya kuuliza nani alilijenga. Mwaka 1941 aliasisi taasisi ya historia ya sanaa ya Georgia na kuiongoza kwa muda mrefu. Leo kituo cha taifa cha utafiti na uhifadhi kinaitwa kwa jina lake. Baadhi ya wasomi wa karne ya 20 niliowataja hapa juu ni wanafunzi wake au walipita mikononi mwake.

Ukitaka kuelewa alichofanya, fika kwa mawazo kwenye kanisa la Jvari, juu ya kilima kinachotazama mji wa Mtskheta pale mito ya Mtkvari na Aragvi inapokutana. Kwa nje ni dogo. Ukiingia, sakafu yote iko wazi, hakuna nguzo hata moja katikati. Pande nne kuna nusu duara nne, na kati yake pembeni kuna vishimo virefu vinavyoelekea kwenye vyumba vinne vya kona. Kuba limekaaje juu ya nafasi ya pembe wakati lenyewe ni duara? Tazama juu: kwenye kila kona kuna tao dogo linalokata pembe, nafasi inakuwa ya pande nane, juu yake matao madogo zaidi, pande zinaongezeka, kisha tena, hadi jiwe linakubali kuwa mviringo. Chubinashvili alilipima jengo hilo, akayasoma majina ya watawala waliochongwa ukutani, na akaliweka kati ya mwaka 586 na 604 hivi. Kitabu chake kuhusu makanisa ya aina ya Jvari kilitoka mwaka 1948.

Alikuwa na mpinzani wa kitaalamu wa kumjibu. Mwaka 1918 Josef Strzygowski wa Vienna alichapisha kazi kubwa kuhusu usanifu wa Armenia, na ndani yake makanisa ya Georgia yalionekana kama tawi la mti wa jirani. Chubinashvili alitumia miaka mingi kuthibitisha kwamba Georgia ilikuwa na njia yake. Kwa sehemu kubwa alifaulu. Lakini nikuambie ukweli, mabishano hayo yalimfunga yeye na wapinzani wake wa Armenia katika swali la nani alitangulia, na tarehe zikawa silaha. Wapo leo wanaoliweka Jvari miongo kadhaa baadaye, katikati ya karne ya 7, kwa sababu majina ya watawala yale yalijirudia katika ukoo. Mimi naona mafundi wa pande zote mbili walikuwa wanavuka milima na kufanya kazi kwa yeyote aliyewalipa, na kuta zinaonyesha hivyo. Vipimo vya Chubinashvili ni imara kuliko baadhi ya hitimisho zake, na sifa hiyo ni kubwa: mtu anaweza kumpinga kwa kutumia michoro yake mwenyewe.

Yupo pia aliyelipa kwa uhai. Dimitri Shevardnadze, yule kijana wa safari ya 1917, ndiye aliyeanzisha Jumba la Taifa la Sanaa Tbilisi, lililofunguliwa mwaka 1920. Katika miaka ya 1930 Lavrenti Beria, aliyekuwa mkuu wa chama cha kikomunisti Georgia, alitaka kulibomoa kanisa la Metekhi, la karne ya 13, lililosimama juu ya jabali kando ya mto katikati ya mji. Shevardnadze alipinga waziwazi, pamoja na wenzake. Inasimuliwa kwamba Beria alimwambia watengeneze mfano mdogo wa kanisa uwekwe makumbusho, yatosha. Hakukubali. Mwaka 1937 alikamatwa na kupigwa risasi. Metekhi bado lipo, na ndilo la kwanza kuonekana ukitazama picha ya mji wa kale wa Tbilisi.

Usidhani mambo yametulia sasa. Kanisa kuu la Bagrati huko Kutaisi, lililomalizika mwaka 1003 na kuharibiwa na majeshi ya Uturuki mwishoni mwa karne ya 17, lilijengwa upya na kukamilika 2012 kwa nyongeza za chuma na kioo, na mwaka 2017 likaondolewa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Gelati ikabaki peke yake. Mimi naunga mkono uamuzi huo, kwa huzuni: magofu yaliyopimwa yana ukweli ambao jengo jipya halina. Na Gelati nayo, baada ya kuezekwa vigae vipya, paa lilivuja na maji yakashuka kwenye michoro ya kanisa kuu. Sasa wahifadhi wanapima unyevu na kuhesabu maganda ya rangi yaliyoinuka, na ili kujua nini kimepotea wanalinganisha ukuta na picha na nakala za waliowatangulia.

Kwa kusoma zaidi, ndugu yangu, kazi nyingi ziko kwa Kigeorgia na Kirusi, na hilo linawazuia wengi. Kitabu cha Djobadze kiko kwa Kiingereza. Kama unasoma Kifaransa, ripoti za safari za Brosset za 1847 na 1848 zinasomeka vizuri hata leo. Tafuta hasa kurasa anazonakili maandishi ya kuta. Na picha za Dimitri Ermakov, mpiga picha wa Tbilisi aliyefariki 1916, zimehifadhiwa kwa maelfu katika Makumbusho ya Taifa ya Georgia. Anza na hizo, kisha zilinganishe na picha za sasa za kanisa hilohilo, ukuta kwa ukuta.